Springi Chini ya Kitanda cha Rajabu

Siku ya tatu baada ya kumzika mama, wageni wa mbali walipokuwa wameshaondoka na majirani wanakuja mmoja mmoja kuchukua masufuria yao, mpwa wangu aliniita nje nikalione gari lake. Ni gari zuri, linavuta kwa magurudumu yote manne, na amelipenda kama watu wanavyompenda mtoto wa kwanza. Alichuchumaa, akaingiza kiganja kwenye nafasi iliyopo kati ya tairi na bodi, akasema, “Mjomba, nataka kulipandisha. Inchi mbili tu, zikizidi tatu. Wewe umeendesha barabara hizi zikiwa tope tupu. Unasemaje?” Rajabu, niliyeendesha naye barabara hizo, alikuwa amekaa kibarazani kwenye kiti cha plastiki, kofia yake mapajani. Ana zaidi ya miaka hamsini sasa, na alikuwa ametoka kwao Namasakata, Tunduru, kuja kwa ajili ya mama, akakaa nasi matanga yote. Alilisikia lile swali. Alinitazama, kisha akaanza kucheka kimyakimya, mabega yakimtikisika, mpaka akalazimika kufuta macho kwa ile kofia. Nilimwambia mpwa wangu kwamba nitamjibu kwa kuandika. Alidhani namtania, lakini jibu la swali lake lina mwaka mzima ndani yake, na mwaka ule siwezi kuusimulia nikiwa nimesimama kando ya gari.

Nilikuwa na miaka ishirini na saba na nilimiliki nusu ya pikapu. Nusu nyingine ilikuwa ya Rajabu, na tulibishana kila siku nusu ya nani ndiyo yenye injini. Tulibeba chumvi, sabuni, nguo na watu kutoka Songea kwenda vijiji vya Tunduru, tukarudi na chochote kilichokuwa kinarudi. Rajabu alipanga chumba cha uani kwetu Mshangano, pale Songea, chumba chenye dirisha moja lililotazama mahindi ya mama. Ndani kulikuwa na kitanda cha mbao, mkeka wa kuswalia uliokunjwa vizuri juu ya kiti, na kamba aliyotundikia nguo zake kwa mpangilio mmoja usiobadilika: shati la safari, shati la Ijumaa, ovaroli. Chumba kilinukia dizeli na sabuni ya mche. Mama alimpenda kwa namna yake, yaani kwa kumlisha. Tangu alipohamia, mama hakuchinja tena kuku yeye mwenyewe. Kuku alichinjwa na Rajabu, au hakuchinjwa. Akisafiri wiki mbili, tulikula maharage na dagaa wa Nyasa wiki mbili, kuku wakipita miguuni mwetu bila wasiwasi. “Mwacheni,” mama alikuwa akisema. “Mwenye kisu chake hajarudi.”

Rajabu ni Myao, mimi ni Mngoni, na kwa hiyo sisi ni watani. Kwa msomaji asiyetoka kusini nieleze kidogo: mtani anaweza kukuita mwizi mbele ya baba mkwe wako na huna ruhusa ya kukasirika. Anaweza kukuchukulia viatu msibani akavivaa. Ukimkasirikia, wewe ndiye uliyeharibu. “Nyie Wangoni mlikuja huku kwa miguu,” Rajabu alikuwa akiniambia nikikosea gia, “ndiyo maana hamjui kuendesha.” Nami nilimjibu, “Na nyie mlitembea mpaka pwani mkarudi, mkasahau kuuliza magari yanauzwa wapi.” Tulicheka kutoka Songea mpaka Namtumbo. Ni desturi nzuri na nimeifurahia maisha yangu yote. Ila ina upungufu mmoja, na niliuona mwaka ule: watu wawili waliozoea kuambiana kila kitu kwa mzaha, siku wakiwa na neno lisilo la mzaha, hawajui waliweke wapi.

Ilikuwa Januari. Alfajiri moja simu ilipigwa kwenye duka la jirani, na jirani akaja kumgongea Rajabu. Baba yake alikuwa amefariki jioni iliyotangulia. Wangemzika siku hiyo baada ya swala ya alasiri, na wangemngoja Rajabu mpaka wakati huo. Rajabu alitoka uani akiwa ameshanawa uso, akasimama mbele ya jiko la mama. “Mama,” akasema, “mzee ameondoka.” Mama alikaa chini pale pale kwenye majivu, akalia kwa sauti, akamlilia mtu ambaye hakuwahi kumwona. Kisha akajifuta, akasimama, akaanza kazi. Alituma ujumbe kwa akina mama wa jumuiya yake ya kanisani, na kabla chai haijapoa walianza kuingia, mmoja na beseni la unga, mwingine na maharage, mwingine na mzigo wa kuni kichwani kana kwamba Tunduru hakuna miti. Mama yangu alikuwa anapenda kwa kupakia. Gunia la kwanza likajaa, la pili, la tatu. Kisha wakabadili nguo, maana walikuwa wanakwenda na sisi, wanawake saba na mama wa nane.

Sasa, kwetu Songea, na hasa kwa sisi Wakatoliki, mtu akifa tunamngoja mtoto wake. Mwili unakaa hospitalini, siku moja, mbili, hata tatu, mpaka aliye mbali afike aone uso wa marehemu. Kumzika baba mtoto wake wa kiume akiwa bado njiani ni jambo ambalo akina mama wale hawakuweza hata kuliwaza. Rajabu alijaribu kueleza. Alisimama kando ya pikapu, kofia kichwani, akasema taratibu, macho yakiwa chini, “Mama, sisi hatukai na maiti. Wanazika leo.”

“Leo?” Mama alikuwa anafunga mdomo wa gunia kwa kamba. “Watamzikaje baba yako wewe hujafika? Watakungoja, mwanangu. Hakuna watu wenye roho hiyo.”

“Ndiyo, mama.”

“Na utaingiaje msibani kwenu bila unga? Watasema ulikuwa unaishi na watu gani?”

“Ndiyo, mama,” Rajabu akasema tena. Angesema nini zaidi? Alikuwa anazungumza na mwanamke aliyemlisha miaka mitatu, ambaye macho yake yalikuwa bado mekundu kwa kilio.

Mimi nilikuwa nimeshika ncha ya pili ya lile gunia. Nilikuwa nimeshakwenda mazikoni Tunduru mara mbili, zote pamoja na Rajabu, na nilijua kabisa kwamba wakisema alasiri ni alasiri. Mtu pekee katika uwanja ule aliyejua desturi za pande zote mbili, na ambaye mama angemsikiliza, nilikuwa mimi. Lakini wale wanawake walikuwa wamesimama na mabeseni yao, kila mmoja ametoa alichonacho, na kumpinga mama yangu mbele yao kulinishinda. Niliinua gunia. Tuliondoka saa mbili.

Bonde tulimokwama liko mbele ya Namtumbo, mahali ambapo siku hizi utapita kwenye lami bila kujua kwamba umepita bonde. Wakati ule lilikuwa udongo wa mfinyanzi mweusi, na malori yalikuwa yamechimba mifereji miwili ya matairi, yenye kina cha kufika gotini, na kati yake likabaki tuta. Pikapu iliingia, ikatambaa kidogo, ikakaa. Matairi ya nyuma yalizunguka bure. Tulisukuma kuanzia saa sita mpaka jua likazama, akina mama wakiimba nyimbo za kanisani ili kumtia moyo Mwislamu, na Rajabu akisukuma huku shavu lake limegusa bodi. Tulifika Namasakata asubuhi ya pili. Kaka yake alitupokea njiani. “Tulikungoja mpaka jua likawa jekundu,” alimwambia. Kaburi lilikuwa na udongo mbichi.

Siku ya kurudi, akina mama wakiwa nyuma na sisi wawili mbele, Rajabu alitazama barabara saa mbili nzima. Nilikuwa nasubiri aniambie kitu chochote, hata tusi. Hatimaye alisema, “Pikapu iko chini hii.”

“Iko chini?”

“Fupi. Ingekuwa juu kidogo, tungepita. Inabidi tuipandishe.”

Niliitikia haraka sana. Nakumbuka nilivyoitikia, kama mtu aliyechoka akasukumiwa kiti. Ndiyo, nikasema, kweli iko chini.

Kuanzia hapo Rajabu hakutulia. Alinunua futi ya mafundi seremala akawa anatembea nayo mfukoni mwa shati. Tukisimama kula, yeye alichuchumaa chini ya pikapu anapima. Alipima kutoka chini mpaka kwenye chesisi, ile fremu inayobeba bodi, akapima lori la jirani, akapima gari la padri wakati padri yuko kanisani anaongoza misa. Tukikaa jikoni kwa mama kula ugali, alichora kwa kidole kwenye unga uliomwagika juu ya ubao: hapa chesisi, hapa springi, hapa tunaingiza chuma. Mama alimtazama huku akisonga. “Mkiipandisha,” aliuliza siku moja, “mimi na goti langu hili nitapandaje?”

“Nitakutengenezea ngazi, mama.”

“Ngazi! Nipande gari kama ninavyopanda darini kuchukua mahindi?”

“Utakaa juu, mama. Utaona mpaka Msumbiji.”

“Msumbiji nina nani?” Tukacheka wote, na kwenye kicheko kile nilimwona Rajabu akinitazama mimi badala ya mama, kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika. Kisha akarudi kuchora.

Mwezi wa nne springi zililetwa na basi kutoka Dar es Salaam. Zilikuwa zimefungwa kwa magunia, nzito, zinanuka rangi mpya, pamoja na bolti zake ndefu na vipande vya chuma vya kuongezea kimo. Rajabu alizilaza chini ya kitanda chake. Mama akifagia chumba, ufagio uligonga chuma, na kila ulipogonga alisema kwa sauti ya kusikika mpaka uani, “Rajabu, hivi hiki chuma chako kitataga lini?” Hazikufungwa mwezi huo. Hazikufungwa wa tano. Kila nilipomuuliza alisema, “Bado naangalia.” Nilidhani anaangalia vipimo.

Tulikwenda pamoja kwa Fundi Haule, mwenye gereji ndogo Ruhuwiko, mtu mnene aliyependa kueleza kama mimi, na ndiyo maana tulipendana. Alitueleza akiwa ameshika kiazi cha kuchemsha. “Mimi sikatai kazi,” alisema. “Nitafunga. Lakini nisikudanganye, Rajabu. Mipira ya breki itakuwa mifupi, itabidi tuirefushe. Propela inayopeleka nguvu nyuma itakaa kwa mshazari, itatetemeka. Na nyie mnavyopakia watu juu ya magunia, mkipinda kona hapo Namtumbo mtalala chali.”

“Tope je?”

“Tope gani?”

“Tutapita kwenye tope?”

Haule alitafuna kiazi chake, akawaza. “Inategemea ni nini kinachowakamata,” akasema.

Hapo ndipo ninapotaka mpwa wangu asome polepole. Gari lina sehemu mbili. Ya kwanza ni magurudumu na ekseli inayoyaunganisha, na kwenye ekseli kuna lile bonge la chuma tunaloliita difu. Ya pili ni vyote vilivyobaki: chesisi, bodi, mzigo, watu. Kati ya sehemu hizo mbili kuna springi. Mfikirie mwanamke aliyebeba ndoo ya maji kichwani, na ngata ya kitambaa kati ya kichwa na ndoo. Springi ndiyo ngata. Ukiifanya ngata kuwa nene zaidi, ndoo inapanda juu, na inaanza kuyumba zaidi. Lakini kichwa hakirefuki. Difu iko upande wa kichwa. Ukipandisha springi hata kwa urefu wa mkono, difu inabaki pale pale ilipokuwa, kwa sababu kimo chake kinatokana na tairi. Kwa hiyo kabla hujatoa gari lako kwa fundi, jiulize kile alichouliza Haule: ni nini kinachokukamata? Kama ni tumbo la gari, kama ni mawe yanayogonga chesisi, springi zitakusaidia. Kama ni difu, utakuwa umejenga ghorofa ili kukwepa maji yanayoingia msingini.

Jibu la swali hilo nililiona mwezi wa saba. Mvua za mwaka ule zilikatika mapema, muda mfupi baada ya sisi kukwama, na pale bondeni madereva walikuwa wamefungua njia nyingine pembeni, wakiiacha ile ya Januari ikauke kama ilivyokuwa. Tulisimama kwa sababu abiria mmoja alitaka kujisaidia. Nilitembea peke yangu mpaka pale tulipokwama. Mfinyanzi ulikuwa umekauka ukawa mgumu kama chungu kilichochomwa, na kila kitu kilikuwa kimehifadhiwa humo: mifereji ya matairi, nyayo za wanawake wanane, alama za nyuzi za vitenge walivyotandika chini ya magurudumu. Na juu ya tuta la katikati kulikuwa na mfereji mmoja, laini, wa mviringo, uliochongwa vizuri kama kwa kijiko. Difu. Kulia na kushoto kwake, mahali ambapo chesisi ingegusa kama ingegusa, tuta lilikuwa halina hata mkwaruzo. Kilichotukamata kilikuwa difu, na difu ilishuka kiasi kile kwa sababu matairi yalizama, na matairi yalizama kwa sababu ya magunia matatu ya unga, maharage, kuni, na watu wanane walioketi juu yake.

Watu wanaonifahamu wanajua kwamba mimi nikigundua jambo, hata dogo, huwaeleza mpaka wanapiga miayo. Siku ile nilirudi kwenye pikapu nikasema, “Twende.” Rajabu alikuwa ameegemea mlango, anacheza na futi yake, anaifungua na kuifunga. “Umeona nini kule?” akauliza.

“Tope limekauka.”

“Basi?”

“Basi.”

Niliwasha gari. Nilijua kwamba nikianza kueleza difu nitafika kwenye unga, na kutoka kwenye unga nitafika kwenye gunia, na mkono wangu umeshika ncha yake. Miezi iliyofuata tulitaniana kuliko wakati mwingine wowote, kwa haraka, bila kupumua, kama watu wanaomwaga maji mahali panapoungua. Mizaha yake ilianza kuwa na ncha. Alisema mbele ya abiria kwamba Mngoni humsindikiza mtani wake mpaka kaburini, ila kesho yake. Abiria walicheka. Nikacheka. Akaanza kula chumbani kwake badala ya jikoni, na mama akawa ananiuliza, “Mmegombana?” Nikamwambia hapana. Akaniuliza kama chakula chake kimeharibika ladha. Mwezi wa kumi Rajabu aliniambia kwamba kuna mtu Tunduru mjini anatafuta mshirika, na kwamba huenda, baada ya kuipandisha pikapu, tukaiuza. Alisema hivyo akiwa anafunga viatu. Nilielewa kwamba ninampoteza, na kwamba sijui kusema lolote lisilo mzaha.

Mvua za kwanza zilinyesha Novemba, siku mbili mfululizo. Siku ya tatu, kabla jua halijachomoza sawasawa, Rajabu alizitoa springi chini ya kitanda, tukazipakia, tukaenda kwa Haule. Haule alikuwa ameshainua upande wa nyuma kwa jeki na ameshika spana mkononi.

“Fungua,” Rajabu akamwambia.

“Subiri,” nikasema.

Haule akanitazama mimi, akamtazama Rajabu. “Mnajua mnachotaka, nyie?”

“Twende kwanza Namasakata,” nikamwambia Rajabu. “Leo. Bila mzigo.”

“Bila mzigo?” Haule ndiye aliyejibu. “Pikapu tupu mpaka Tunduru? Una homa?”

Rajabu hakucheka. Alinitazama kama alivyonitazama jikoni siku ile ya ngazi. Kisha akazisukuma springi kwa mguu mpaka ukutani mwa gereji, akamwambia Haule ashushe jeki, akaingia kwenye pikapu, upande wa abiria.

Sijawahi kusafiri safari ya aibu kama ile. Kila baada ya kilomita chache mtu alitupungia mkono. Tuliwapita wanawake wenye vikapu vya kuku, tulimpita mzee mwenye baiskeli iliyovunjika, na wote walitazama nyuma ya pikapu, wakaona hakuna kitu, wakaturushia maneno ambayo vumbi la kiangazi lingeyafunika lakini mvua ilikuwa imelituliza. Rajabu alikuwa anafungua na kufunga futi yake. Mimi nilikanyaga mafuta. Tulipofika juu ya bonde tuliona lori limekwama pembeni, na njia mpya imekatwa kabisa na maji, imebaki ile ya zamani, mifereji yake imejaa tope upya. Niliweka gia nzito. Nawaambia ukweli: nilikuwa naomba tukwame. Kama tungekwama, basi kweli pikapu ilikuwa fupi, na hakuna mtu angekuwa na kosa.

Ilipita. Ilitambaa taratibu, ikayumba kushoto, difu ikakwangua kidogo juu ya tuta, ikaendelea, ikapanda upande wa pili na kusimama kwenye udongo mgumu, injini ikiunguruma kana kwamba haijafanya kitu.

“Zima,” Rajabu akasema.

Alishuka, akavua ndala zake akazishika mkononi, akarudi mpaka katikati ya bonde. Nilimfuata. Tulisimama kwenye tope, miguu mitupu, tukitazama chini kama watu waliodondosha ufunguo.

“Imepita,” akasema.

“Imepita.”

“Sasa umenileta unionyeshe hiki? Kwamba siku ile tungepita?”

“Ndiyo.”

“Unadhani sikujua?” Sauti yake ilikuwa ya chini. “Nilijua nikiwa bado nasukuma. Niligeuka nikamwona mama yako amepiga magoti hapa, hapa hapa, anatandika kitenge chake cha kanisani chini ya tairi. Nimwambie nini mtu kama yule? Nimwambie unga wako umenizuia kumzika baba? Na unga wenyewe ukaliwa. Msiba mzima hakuna aliyelala njaa, kaka yangu mpaka leo anausema. Nikalaumu springi. Springi haisikitiki.”

“Rajabu…”

“Mama hakujua. Lakini wewe ulijua. Mara mbili umezika kwetu. Ulikula wali wetu ukasifia tulivyo wepesi.”

“Nilijua,” nikasema. “Nilijua na nikainua gunia.”

Alivuta pumzi. “Mwaka mzima nangoja useme hivyo. Nikaagiza springi, nikasema sasa atasema. Nikazilaza chini ya kitanda. Nikasema, huyu hueleza watu mpaka jinsi kuku anavyolala, huyu atasema tu.”

Nilimwomba msamaha. Ni neno ambalo mtani hamwambii mtani, na mahali pengine popote angenicheka mpaka nijute kuzaliwa. Hakunicheka. Alilipokea kama lilivyo, akakaa nalo, akiangalia lile tuta. Dereva wa lori lililokwama alitupigia kelele kutoka pembeni akiuliza kama tumekuja kusukuma au kutalii. Tukaenda tukamsukuma. Baadaye, tukiwa tumejaa tope mpaka nywele, nilimuuliza kuhusu zile springi.

“Haule amuuzie mtu mwenye shida ya springi,” akasema. “Toka hapo kwenye usukani. Unaendesha kama umebeba mayai.”

Tulifika Namasakata saa tisa. Dada yake, Zainabu, alikuwa uani anabangua korosho. Alisimama, akachungulia nyuma ya pikapu, akaweka mikono kiunoni. “Mtani! Gari lote hilo, hata kiroba cha unga? Wangoni mmeanza lini uchoyo?” Rajabu alimwambia aache, tutakula baadaye. Alinawa miguu, akavaa kofia, akaniambia nimfuate. Njia ya makaburini inapita kwenye mikorosho, nyembamba, ya mtu mmoja mmoja, na alitembea mbele yangu bila kugeuka. Nyasi zilikuwa zimeanza kuota juu ya kaburi. Alimsalimia baba yake, akaomba dua, akakunjua viganja akajipangusa uso.

“Mzee,” akasema, “huyu ndiye aliyenichelewesha. Nimemleta aseme mwenyewe.”

Kisha akarudi nyuma hatua mbili, akaniachia nafasi.